Filimbi yangu ya kuitia bata iliponata: uzoefu wa misimu mitatu

Filimbi hii ya kuitia bata mwitu ninayo kwa msimu wa tatu wa uwindaji sasa. Mwili wake ni wa akriliki, ndani ina ndimi mbili (vipande vyembamba vinavyotetemeka na kutoa mlio), na kwa upande wa sauti sina lawama. Inakwaruza kidogo, kama jike la bata aliyetulia majini (majike ndio wenye ule mlio mkubwa tunaouiga, dume sauti yake ni ndogo na ya kukwama kooni), na haidai pumzi nyingi. Lakini katika msimu wa pili nusura niitupe, kwa sababu ilianza kunata.

Asubuhi moja ya baridi kundi dogo lilikuwa linazunguka juu yetu, limeshaanza kushuka. Nikapiga mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ikatoka hewa tupu. Nikaongeza pumzi, filimbi ikatoa ukelele mmoja mwembamba kisha ikanyamaza kabisa. Wale bata wakageuza mbawa na hawakurudi. Iliniuma sana, kwa kuwa nilikuwa nimeifanyia mazoezi filimbi hiyo miezi mizima.

Ukiifungua utaona kwa nini inatokea. Ulimi ni kipande cha plastiki nyembamba ya Mylar, kimelala juu ya kibao cha sauti chenye mfereji katikati. Nyuma kimekazwa kwa kabari ndogo ya lile gome jepesi linalozibia chupa za mvinyo. Mbele kiko huru, na kibao kimepinda kidogo chini yake ili ibaki nafasi ya kutetemeka. Nafasi yenyewe ni finyu mno. Pumzi yako ni ya moto na ina unyevu. Ikigusa filimbi iliyopoa inageuka matone, na mate nayo yanafuata. Utando wa maji ukishaingia kati ya ulimi na kibao, unavishika pamoja kama vioo viwili vilivyolowa. Kwenye filimbi ya ndimi mbili, ndimi zenyewe pia hushikana, na ndiyo sababu mmoja huwa na kinundu kinachoutenga na mwenzake. Kinundu hicho lazima kielekee kwenye ulimi wa pili. Mimi niliwahi kuurudisha ule ulimi kifudifudi, nikahangaika nao jioni nzima.

Pale pale porini niliitenganisha, nikaikung'uta mara kadhaa kiganjani huku ncha ya ndimi ikitazama chini, nikapuliza kutokea upande wa nyuma. Ikalia. Baada ya dakika chache ikanata tena, nikajua maji si sababu pekee.

Nyumbani nikaichunguza kwenye mwanga. Chini ya ulimi kulikuwa na kapi la mbegu ya nyasi, na juu ya kibao utando mwembamba wenye sukari. Nilikuwa na mazoea ya kunywa chai tamu kisha kuchukua filimbi moja kwa moja. Siku hizi nasukutua kwanza kwa maji matupu, na naona hilo peke yake limepunguza zaidi ya nusu ya usumbufu.

Kabla ya kung'oa chochote, piga picha kwa simu, halafu chora mstari wa kalamu ya wino usiofutika kutoka kwenye ulimi hadi ubavuni mwa kibao. Usiruke hatua hii. Ulimi ukirudi umesogea hata milimita moja, sauti inakuwa nyingine: ukitokeza mbele mlio unashuka na ulimi unanata upesi, ukirudi nyuma mlio unapanda.

Kusafisha ni maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza na uache vikauke vyenyewe. Maji yanayochemka hapana, jiko hapana, wala usiviache ndani ya gari lililofungwa juani, maana ulimi ukipinda haunyooki tena. Ukitaka kusafisha bila kung'oa ndimi, pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya ulimi, uvute taratibu kutoka nyuma kuja mbele. Msasa na ncha ya kisu visiguse kibao. Mkwaruzo mdogo tu pale unabadilisha namna ulimi unavyolala, na hakuna dawa yake ila kununua kipande kipya.

Baada ya kusafisha bado ulimi ulikuwa unateleza kushoto. Kosa lilikuwa kwenye kabari: imelowa na kukauka mara nyingi mpaka ikawa bapa, haikazi tena. Hapa ndipo ninapomlaumu mtengenezaji. Kijikaratasi kilichomo kwenye boksi kinasema usiifungue filimbi, na kabari ya akiba hakuna, wakati kitu hicho lazima kichakae. Nilichonga mwenyewe, kipana nyuma na chembamba mbele, nikakisukuma kwa kidole gumba mpaka ndimi zikatulia. Sasa nabadilisha kila msimu unapoanza, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Nilijaribu pia kukata ulimi mpya. Punguza kidogo sana kila mara na uisikilize. Ukishaufupisha kupita kiasi, mlio unakuwa kama wa kifaranga na hakuna kurudi nyuma.

Nina nyingine ya mti, ya ulimi mmoja. Inabeba milio mingi kuliko hii, ila inataka pumzi itoke tumboni, mashavu yasivimbe. Ukiipuliza kama puto unaijaza mate na inazima. Mti nao hunywa maji ukavimba, hata kipande cha ndani chenye ulimi kikagoma kutoka. Kikikwama usikilazimishe kwa koleo. Iache ikauke siku mbili mahali penye hewa, kisha zungusha huku unavuta.

Hii ya akriliki naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ile kabari na kile kijikaratasi. Kila nikirudi kutoka majini naitenganisha, naipangusa kwa kitambaa, na vipande vyake vinalala mezani hadi asubuhi bila kuunganishwa. Mfukoni mwa koti uzi wa meno haukosekani. Msimu huu mzima imenata mara mbili tu, na mara zote mbili ililia tena kabla bata hawajamaliza kuzunguka.