Kitalu cha Kibada: ulizia miche ya nyuma

Nyota nne kati ya tano.

Kitalu hiki kiko Kibada, Kigamboni, pembeni mwa barabara chini ya mkorosho mkubwa. Hakina bango. Ukifika, mbele unakutana na miashoki, maua ya kila rangi, na ile mitende ya Kuba yenye shina jeupe kama nguzo ya hoteli. Hiyo ndiyo inayotoka sana, na sina ugomvi na anayeipenda. Mimi nilitaka bustani ya kuleta ndege, tena kiwanja changu ni mchanga mtupu, nikaomba kuona miche ya kienyeji. Babu mwenye kitalu akacheka. "Mama, hiyo watu hawaiulizi. Haya, twende nyuma."

Huko nyuma, kwenye kibanda cha makuti, ndiko kwenye mali: mkindu na mkoma, ambayo ni jamii ya mitende ya kienyeji, kisha mkwaju, mbambakofi, mwegea. Mbegu za mbambakofi anazitunza kwenye kopo la Blue Band, nyeusi tii, kila moja na kofia yake nyekundu. Mwanangu alitaka kuondoka nazo zote.

Kilichonifanya nimwamini babu ni mkoma. Nilichagua mche mkubwa, akakataa kuniuzia. Kumbe mkoma hushusha mzizi chini sana kabla hata jani la kwanza halijaonekana, kwa hiyo mche uliokaa muda mrefu kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, huwa umeshatoboa na kushika ardhi. Akaunyanyua ule niliouchagua, kukasikika "ta!", na kipande cha mzizi kikabaki chini. "Huyu marehemu," akasema, akautupa pembeni. Akanipa yenye majani mawili tu, 3,000 kila mmoja.

Mkindu nilichukua minne, 8,000 kwa mmoja. Mkindu una dume na jike, na ukiwa mchanga hata babu hawezi kukuambia upi ni upi. Ukipanda mmoja peke yake usishangae kutoona tunda. Matunda yakiiva yanakuwa ya rangi ya chungwa na wanyama wanayapenda mno. Kando ya Mto Tana, Kenya, kuna kima wasiopatikana kwingine popote duniani, nao wanayategemea sana. Kwangu watakuja ndege, inatosha. Ila angalia miiba: sehemu ya chini ya kila kuti imejaa miiba mirefu, migumu, ya kutoboa ndala. Usiupande mlangoni. Yangu iko kwenye kona ya ukuta, karibu na bomba la nje, kwa sababu mkindu unapenda penye unyevu. Mama yangu, mtu wa Pangani, ameshapiga simu kuuliza lini ataanza kukata ukindu wa mikeka. Asubiri kidogo.

Mwegea nimeuacha kwa shingo upande. Maua yake hufunguka usiku na popo huyafuata, jambo ninalolipenda, lakini tunda lake lina kilo kadhaa, na kwangu pa kuupanda na pa kuegesha gari ni palepale.

Nyota moja nimeikata kwa usafirishaji. Bajaji waliyoniitia ilipakia miche wima bila hata kamba, mkwaju mmoja ukafika umevunjika katikati. Babu alinipa mwingine bila ubishi, ila nauli ya kuufuata ikawa juu yangu. Bei nazo hazijaandikwa popote, kwa hiyo patana kwanza ndipo uanze kuchagua. Na samadi yao msinunue: niliyopewa ilikuwa mbichi, bado ina joto ukitia mkono, na hiyo inaunguza mizizi.

Malipo ni taslimu au kwa simu. Nendeni asubuhi. Mchana babu analala, na kijana anayemwachia kitalu anaijua mitende ya Kuba tu.