Kulala kwenye ndege ya usiku kutoka KIA: siti ya mlangoni au ya dirishani?

Nauza safari kwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, na kazi hii ina misimu miwili ya kupanda ndege ya usiku kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro: Machi kwenda maonyesho ya utalii ya ITB Berlin, Novemba kwenda yale ya WTM London. Ukitua asubuhi hakuna cha kwenda kujinyoosha hotelini. Unanawa uso kwenye choo cha uwanja wa ndege, unabadili shati, unakwenda kusimama bandani mpaka jioni ukimweleza wakala tofauti ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho na ya Machame. Kama hukulala angani, ikifika saa nane mchana utaanza kumtajia bei za mwaka juzi.

Afadhali saa hazituumizi. Mwanzoni mwa Machi Berlin iko nyuma yetu kwa saa mbili tu, na London Novemba kwa saa tatu. Ule uchovu wa kuvuka majira ambao wageni wetu wa Marekani hushuka nao KIA, macho mekundu, sisi tukielekea Ulaya hautupati. Kinachotutesa ni siti.

Hapa nazungumzia ekonomi. Wenzetu wa daraja la biashara wanajilaza chali tangu British Airways ilipowaletea siti za kulala bapa mwaka 2000, na nauli yao bosi wangu hataki hata kuisikia. Swali langu ni dogo zaidi: ukiwa na pesa kidogo ya kuongeza ili ulale, uiweke wapi?

Wengi watakwambia siti ya kwenye mlango wa dharura, kwa sababu mbele yake pana nafasi ya miguu. Novemba niliilipia. Bei yake ingenilaza kwenye hoteli ya heshima pale mjini, tena na kifungua kinywa. Na kwa miguu, haki yake nampa muuzaji: nilinyoosha mpaka mwisho, goti halikugusa kitu. Sasa ngoja taa zizimwe.

Kwa kuwa mbele hakuna kiti, meza na skrini vimefichwa ndani ya mkono wa siti. Mkono huo haunyanyuki, na ubavu wake ni ukuta mgumu unaoshuka mpaka kwenye mto unaokalia. Paja la kushoto linabanwa, la kulia linabanwa. Ukitaka kujigeuza ubavu huwezi, kiuno kimeshikwa. Halafu miguu iliyonyooka haina pa kukanyagia, maana begi hawakuruhusu uliache chini wakati wa kuruka, limepanda juu. Basi mwili unateleza polepole kuja mbele, unashtuka, unajivuta juu, unateleza tena. Mlango wenyewe unatoa baridi inayoingia kwenye vifundo vya miguu. Na pale ndipo abiria wanaposubiri choo, kwa hiyo saa tisa usiku unafumbua macho unakuta kaka mmoja anafanya mazoezi ya kunyoosha mgongo hatua moja kutoka usoni kwako. Nimewahi kulala vizuri zaidi kwenye basi la VIP la usiku la kutoka Dar, lile la siti mbili upande mmoja na moja upande wa pili.

Safari ya Machi nikachukua siti ya kawaida kabisa ya dirishani, katikati ya mkia na mabawa, mbali na choo na mbali na jiko la wahudumu. Nafasi kutoka siti hadi siti kwenye ekonomi nyingi ni inchi 31 au 32, hilo halibadiliki. Kinachobadilika ni kwamba una ukuta. Usingizi ukikolea misuli ya shingo inalegea, na kichwa kisichokuwa na pa kuegemea kinaanguka mbele, ndiyo maana mtu wa siti ya kati anaamka kila baada ya muda mfupi akijifuta mdomo. Dirishani kichwa kina pa kwenda.

Ila ukuta wa ndege umepinda, unaacha uwazi kati yake na bega, na ukiegemea hivi hivi utaamka na shingo imekakamaa. Mimi najaza ule uwazi na shuka la kimasai lililokunjwa mara nne. Lingine najifunika, kwa sababu blanketi la ndege ni jepesi na likifika magotini linaacha mabega. Mkanda naufunga juu ya shuka, uonekane. Ndege ikianza kutikisika mhudumu anapita anaangalia mikanda, na akiuona hana sababu ya kukuamsha. Mto wa shingo nauvaa kinyume, ile sehemu nene ije mbele chini ya kidevu. Nalalia ubavu wa kulia, kwa hiyo nachagua dirisha la upande wa kulia wa ndege. Watu wanachagua upande kwa ajili ya kuuona mlima, lakini usiku mlima hauonekani.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Marangu anayekwenda kumlea binti yake aliyejifungua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza, "Mwanangu, hiki kiti hakilali?" Nikamwonyesha kitufe. Akakibonyeza, kiti kikarudi nyuma kama upana wa kiganja, akageuka kukiangalia. "Ndiyo basi?" Ndiyo basi, mama. Akaguna, akavua viatu, akajifunga kanga moja kichwani na nyingine miguuni, akaniambia, "Ukitaka kutoka niamshe tu, mimi kwenye ndege silali." Chakula kilipopita alikuwa anakoroma.

Na hiyo ndiyo kasoro ya dirishani: choo kiko ng'ambo ya mtu aliyelala. Dawa yake ni kwenda kabla taa hazijazimwa na kuiacha pombe. Maji kunywa, hewa ya mle ndani ni kavu sana, lakini kidogo kidogo.

Aina ya ndege nayo iangalie kabla hujalipa. Airbus A330 mara nyingi hupangwa siti mbili, nne, mbili, kwa hiyo dirishani una jirani mmoja tu wa kumruka, na siti ina upana wa inchi 18 hivi. Boeing 777 siku hizi nyingi zimepangwa tatu, nne, tatu, na upana unashuka mpaka kama inchi 17. Inchi moja ukiisoma kwenye karatasi unaidharau. Mabega yako hayataidharau. Boeing 787 na Airbus A350 zina faida nyingine: hewa ndani inawekwa kama ya kimo cha mita 1,800, wakati ndege za zamani zinafika mita 2,400, ambako si mbali sana chini ya kibanda cha Mandara, kituo cha kulala wapanda Kilimanjaro. Aliyewahi kulala Mandara anajua usingizi wa kule ulivyo mwepesi.

Safari nayo ina mikato yake. Ndege nyingine zikitoka KIA zinatua kwanza Dar au Zanzibar kuchukua abiria, taa zinawashwa na mabegi yanapita juu ya kichwa chako. Usihangaike kulala kabla ya hapo. Ukipitia Addis kipande cha kwanza ni kama saa mbili na nusu, kifupi, usingizi wako uuweke kwenye kipande cha pili. Doha ni karibu saa sita, na unaamshwa ukiwa ndiyo kwanza umezama. Safu ya mbele kabisa yenye ukuta ndiko vinakofungwa vitanda vya watoto wachanga, na safu ya mwisho mara nyingi siti hazirudi nyuma. Zote mbili naziruka.

Machi niliamka mhudumu akipitisha chai, nikafika bandani nikiwa na akili zangu. Kurudi, ndege yangu ilitoka Ulaya asubuhi ikafika KIA usiku, na kwa safari hiyo ya mchana nililipia tena siti ya mlangoni. Silali, naangalia filamu, nanyanyuka nikitaka bila kumsumbua mtu, magoti yanabaki mazima. Kwa kazi hiyo ni siti nzuri sana, na bei yake sikuilalamikia.