Miezi mitano na kozi ya video ya makufuli ya miguu

Mimi nina kilo 68 na mkanda wa bluu wa jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana hadi mmoja asalimu amri, na pale klabuni kwetu Dar wengi wamenizidi kilo 15 au 20. Nikikaa gadi, yaani mgongo uko chini na miguu inamzuia mwenzangu asinifikie kifuani, walikuwa wananikandamiza, wanapita ubavuni, raundi imeisha. Kilichonifanya nitoe hela kununua kozi hii ni video za ADCC, mashindano ya dunia ya kukabana, ya 2019 kule Anaheim, California. Lachlan Giles, Mwaustralia wa daraja la kilo 77, aliingia mashindano ya uzito huria, yasiyojali kilo, akawagongesha mkeka, yaani wakasalimu amri, Kaynan Duarte, Patrick Gaudio na Mahamed Aly, wote kwa kufuli la kisigino, yaani kuusokota mguu kwa kushika kisigino, akatoka na shaba. Duarte alikuwa ndiye bingwa wa uzito wa juu wa mashindano hayohayo! Niliirudia ile video usiku kucha.

Kozi yenyewe ina sehemu nane, kama saa sita kwa jumla. Nililipa kwa kadi ya simu, na kuipakua kulinimalizia bando la usiku mara tatu. Picha ni safi, sauti inasikika, mwalimu anaongea Kiingereza cha haraka lakini mikono yake inaeleweka.

Sehemu ya tatu peke yake ina thamani ya pesa yote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kisigino ni jambo la mwisho kabisa. Kazi kubwa ni goti. Miguu yangu lazima ilibane paja lake juu ya goti, magoti yangu yakutane, nyonga yangu iwe karibu na yake. Goti lake likishachomoka kwenye mbano huo, hata nimeshika kisigino kwa mikono miwili sina kitu, namkanda tu mguu. Likibaki ndani, vidole vya mguu wake navibana kwapani, kisigino kinakaa juu ya mfupa wa mkono wangu karibu na kiganja, nafunga mikono kifuani, kisha nageuza kifua chote polepole. Mguu unazunguka chini, paja limekwama juu, na msokoto wote unaishia kwenye kano za goti. Miaka miwili nilikuwa navuta kwa mikono na kushangaa kwa nini watu wanatoka.

Njia za kuingia pia amezifundisha vizuri. Ninayoitumia kila siku inaanzia gadi ya kipepeo: nyayo zangu zote mbili ziko ndani ya mapaja yake, namvuta uzito uje mbele, namnyanyua kwa mguu mmoja, nateleza chini yake na kuuzungushia mguu wake miguu yangu. Ila karibu mifano yote mwenzake amepiga magoti. Kwetu watu wanasimama, wanarudi nyuma, wanapiga teke kuchomoa mguu. Hilo nililazimika kulitafutia dawa mwenyewe pamoja na kocha, kwa kuanza kuushika kwanza ule mguu wa pili asipate pa kukanyagia.

Sasa lawama yangu, na naisema kwa uchungu. Somo la usalama na la kujitoa limewekwa sehemu ya nane, mwishoni kabisa, dakika chache. Mimi sikuwa nimefika huko. Wiki ya tatu nilimkamata mwenzangu, rafiki yangu wa tangu siku ya kwanza, naye hakugonga kwa sababu hakusikia maumivu. Akajigeuza upande mbaya kwa nguvu. Nilisikia mlio kwenye viganja vyangu kabla hajapiga kelele. Mkono ukinyooshwa vibaya unakuonya mapema. Kwa kufuli la kisigino, maumivu yanaweza kuja wakati kano imeshaumia. Mwalimu anayeuza kitu hiki alitakiwa aseme hivyo dakika ya kwanza, kabla hajaonyesha hata mshiko mmoja. Nilikaa naye hospitali hadi saa nne usiku. Yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza.

Tangu hapo klabuni tuna utaratibu: ukishafunga goti na kisigino kimeonekana, unasimama hapo, unahesabu tatu, mwenzako anagonga au mnaanza upya. Hakuna anayelalamika.

Jingine ambalo mnunuzi anapaswa kulijua ni la sheria. IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, waliruhusu kufuli la kisigino mwaka 2021, tena kwa watu wazima wa mkanda wa kahawia na mweusi tu, kwenye mapambano yasiyo na gi, yaani lile vazi la koti na suruali nzito. Kwa mkanda wangu wa bluu kwenye mashindano yao kwa upande wa miguu ninaruhusiwa kufuli la kifundo lililonyooka, lisilosokota mguu, basi. Kozi ina somo moja tu la hilo, zuri lakini fupi. Kama lengo lako ni medali ukiwa na mkanda mweupe au wa bluu, tunza hela yako.

Kama una mwenzako mnayeaminiana na kocha anayewatazama, nunua. Mimi siku hizi watu wa kilo 85 wanafikiria mara mbili kabla ya kuikanyaga gadi yangu. Ila ukishaipakua, fungua sehemu ya nane kwanza, uitazame mara mbili pamoja na huyo utakayemshika mguu.