Mwaka wa tatu nachomwa sumu ya nyigu kwa hiari yangu: uzoefu wangu

Mimi ni mtoto wa mrina asali. Nimekulia Sikonge, Tabora, na kabla sijaanza darasa la kwanza nyuki walishaniuma mara nisizoweza kuhesabu. Kwa hiyo Agosti 2021, nikiwa nimekaa nje ya duka la mikate huku kusini mwa Ujerumani, nyigu aliponiuma shingoni nilimpangusa tu nikaendelea na keki yangu. Dakika kumi hazikufika, viganja vikaanza kuwasha. Kisha utosi. Kisha tumbo likanikata. Niliinuka nikaombe maji, na ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba nimelala chali barabarani, miguu imeegemezwa juu ya kiti, na bibi mmoja wa Kijerumani ananigombeza nisifumbe macho.

Ambulensi ilikuja, nikachomwa adrenalini ya paja, nikawekewa dripu, nikalala wodini usiku mmoja. Asubuhi nikaruhusiwa na vidonge vya aleji vya siku tatu, na wosia kwamba nijiepushe na nyigu. Lawama yangu kubwa iko hapo. Hospitali ile, ambayo sitaitaja, haikunipa sindano ya adrenalini ya kutembea nayo, wala haikuniambia kwamba tatizo hili lina tiba. Mwaka mzima niliishi kama mwizi: madirisha yamefungwa wakati wa joto, chakula cha mchana nakila chooni kazini (ndiyo, chooni). Kwamba tiba ipo nilikuja kuambiwa na daktari wangu wa kawaida, tena nilikwenda kwake kwa maumivu ya mgongo.

Tukaanza na vipimo. Unadondoshewa sumu kwenye mkono, ngozi inachomwa kidogo juu ya tone, mnasubiri kuona kama patavimba. Na damu pia ilichukuliwa. Majibu ya kwanza yalinivunja moyo: nina aleji ya nyigu na ya nyuki. Nilifikiria mizinga ya baba, nikaona basi, sitatia mguu tena msituni. Lakini daktari hakuridhika. Alisema zipo sukari fulani zinazopatikana kwenye sumu zote mbili, hata kwenye mimea, na huwa zinadanganya kipimo. Akaagiza kipimo kinachotazama protini moja moja. Ile ya nyigu ikasoma juu, za nyuki hazikuonekana. Kama daktari wako ataishia kwenye kipimo cha kwanza, muulize kuhusu hiki cha pili, maana ukitibiwa sumu isiyo yako umepoteza miaka. Walipima pia triptezi, kimeng'enya kinachotolewa na seli za aleji, kwa sababu ikiwa juu siku ambazo huna shida yoyote, huenda una ugonjwa wa seli hizo unaofanya kila kitu kiwe hatari zaidi. Yangu ilikuwa sawa.

Novemba 2022 nikalazwa siku tano kuanza tiba yenyewe, yaani kuchomwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili uizoee, kwa njia ya haraka. Wengine huenda kila wiki kwa miezi kadhaa mpaka wafikie dozi kamili. Mimi nilitaka yaishe. Sumu ni ya nyigu kweli, imesafishwa na kukaushwa kuwa unga, nesi anaichanganya mbele yako. Dozi ya kwanza ilikuwa chembe tu ya mikrogramu. Ukishachomwa nyuma ya mkono unakaa na kanula yako (kamrija ka mshipani), presha inapimwa, mnangoja, unapandishiwa kidogo. Siku ya tatu nilitoka mabaka tumboni, moyo ukaenda mbio, wakanipa dawa na kunirudisha dozi moja nyuma. Niliogopa sana usiku ule. Siku ya tano nilifika mikrogramu 100, na hiyo ndiyo dozi ninayochomwa mpaka leo. Nyuki mmoja anaweza kukuachia mikrogramu 50 hadi 140. Nyigu hutoa chache mno, kwa hiyo kila sindano ninayochomwa ni kama kuumwa na nyigu wengi kwa mpigo.

Nilimsimulia baba kwa simu jinsi inavyofanya kazi. Mwili wangu ulikuwa umetengeneza kingamwili za IgE, ambazo zimejishikiza kwenye seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe. Sumu ikigusa, zote zinafyatuka kama mtego. Ukiletewa sumu hiyohiyo kwa kipimo, mara kwa mara, zinaamka seli za kutuliza, na mwili unaanza kutengeneza kingamwili nyingine, IgG4, zinazoidaka sumu kabla haijafika kwenye mtego. Baba akacheka. "Mwanangu, si ndiyo kazi niliyoifanya miaka arobaini bila kulipwa?" Na kweli, warina wanaoumwa mara mamia kwa mwaka huwa na IgG4 tele na ni nadra kuzidiwa, wanaopata tabu zaidi ni wale wa kuumwa mara mojamoja. Lakini tafadhali, mtu asiyeweza kuvumilia hata nyuki mmoja asijipeleke kwenye mzinga akidhani anajitibu. Nyuki hapimi dozi. Na kusaga mdudu mzima nako kulishajaribiwa na madaktari wenyewe kwa miaka mingi, mpaka utafiti wa 1978 wa Marekani ulipoonyesha kwamba dawa ya mdudu mzima haikuwa na tofauti na maji ya kudanganyia. Iliyokinga ni sumu yenyewe.

Baada ya hapo ni uvumilivu tu. Mwaka wa kwanza sindano kila wiki nne, sasa kila wiki sita. Kila mara maswali yaleyale: una homa? umeanza dawa mpya, hasa za presha? mara iliyopita mkono ulivimba kiasi gani? Wangu huvimba kama andazi na kuwasha siku mbili. Kisha unakaa nusu saa usiondoke, na siku hiyo hakuna mazoezi wala pombe. Bima imelipa karibu kila kitu. Mfukoni nilitoa euro 10 kwa kila siku ya kulazwa, na euro 10 nyingine kila dawa inapoandikwa. Kilichoniuma ni likizo. Mwaka ule wa kwanza nilikwenda nyumbani wiki tatu badala ya sita ili nisiruke sindano. Kwa kuwa nilizimia, daktari anataka nifikishe miaka mitano. Wengine huachia mitatu.

Je, inafanya kazi? Kwa nyigu, zaidi ya tisa kati ya kumi wanakingwa. Kwa nyuki ni karibu nane kati ya kumi, na usumbufu wa njiani ni mwingi zaidi. Mimi nilitaka kujua nafsi yangu iko upande gani, na hospitali yangu hufanya jaribio la kuumwa. Septemba 2023 nikalazwa kitandani, kanula mkononi, adrenalini imevutwa tayari kwenye bomba. Nesi akaja na nyigu hai ndani ya kikombe cha plastiki, akakifunika juu ya mkono wangu. Mdudu alizunguka ukingo kwa ukingo kama mtu aliyepoteza funguo, hanitaki. Nesi akakitikisa. Mkia ukashuka. Nilihisi ule moto ninaoujua, nikaanza kuhesabu saa ya ukutani. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Pakawa na uvimbe wa ukubwa wa sarafu, basi. Nililia, sijui hata kwa nini.

Sindano ya adrenalini bado iko mfukoni, na naangalia tarehe yake ya kuisha kila ninapobadilisha koti. Chakula sasa nakula nje na wenzangu.

Jioni ya jaribio nilimpigia baba nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yule nyigu mmemfanyaje?" Nikamwambia sijui, baba, nesi aliondoka naye.