King'amuzi cha antena na picha ya HD: tathmini baada ya miezi mitatu

Kwa miaka miwili nyumbani kwetu Tabata tulikuwa na runinga ya HD, yaani ya picha kali, ambayo haikuwahi kuonyesha picha ya HD hata siku moja, na kisa kilikuwa waya. Fundi aliyetufungia king'amuzi cha zamani alitumia waya wa AV, ule wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe, ambao hauwezi kupitisha picha zaidi ya ile ya kawaida. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576, ilhali HD kamili ina 1920 kwa 1080, yaani nukta zaidi ya milioni mbili, mara tano ya zile.

King'amuzi nilichonunua Kariakoo hakihitaji dishi, kwani hupokea kwa antena mawimbi ya DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena unaotumika nchini, na kina tundu la HDMI, la waya mmoja unaopitisha picha ya HD pamoja na sauti. Hapo ndipo ninapokisifu. Siku tulipochomeka waya wa HDMI na kubadili kipimo cha picha kwenye mipangilio kutoka 576i hadi 1080i, mwanangu alisoma jina lililoandikwa mgongoni mwa mchezaji, na nyasi za uwanja, ambazo zamani zilikuwa kama zulia moja la kijani, zikaonyesha mistari ya mashine iliyozikata.

Lawama yangu ni kwamba ndani ya boksi mna waya wa AV tu. Mnunuzi asiyejua atauchomeka huo na kuamini amepata HD kwa kuwa neno hilo limeandikwa kwenye boksi. Wa HDMI nilinunua kando.

Tena, si kila chaneli itang'aa. Kituo kisichorusha matangazo kwa HD, king'amuzi huitanua tu picha yake ijaze kioo, na ukungu hubaki palepale.

Antena nayo inataka subira. Zamani mawimbi yakipungua uliona chenga ukaendelea kutazama. Sasa picha hukatika vipandevipande vya mraba, huganda, kisha hupotea. Yetu ilitulia tulipoipandisha juu ya paa, mbali na mwembe wa jirani, mmoja akiigeuza polepole kuelekea mnara na mwingine ndani akimsomea asilimia za ubora wa mawimbi.

Mwenye runinga yenye tundu la HDMI namshauri akinunue, ila waya huo audai dukani kabla hajalipa.