Bridgestone ya mtumba, gia moja, bila friwili: uzoefu wangu barabara za Dar

Nianze na jibu, maana najua wengi mnatafuta hilo tu: ndiyo, baiskeli ya fiksi inafaa Dar es Salaam, mradi iwe na breki ya mbele na tairi zisizo nyembamba sana. Tena kwa matunzo naiona rahisi kuliko baiskeli ya resi yenye gia nyingi, kwa sababu ambayo wauzaji hawaitaji: baadhi ya vipuri vyake ni vilevile vya baiskeli za Phoenix, na vipuri vya Phoenix havijawahi kuadimika nchi hii.

Kwa asiyeijua, fiksi ni baiskeli ya gia moja isiyo na friwili. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Ukiwa kwenye mteremko miguu haipumziki, na ukitaka kupunguza mwendo unazizuia pedali kwa nguvu ya mapaja. Asili yake ni baiskeli za kwenye viwanja vya mashindano, ambazo hazifungwi breki kabisa, halafu wapeleka vifurushi wa miji kama New York wakaziingiza mtaani. Lakini uwanjani hakuna bajaji inayochomoka kichochoroni bila kuangalia. Anayekwambia fiksi halisi haina breki, mwache na ushujaa wake.

Yangu ni Bridgestone ya zamani iliyoingia na kontena la mtumba kutoka Japani. Ni Bridgestone walewale wa matairi ya magari. Baiskeli wanatengeneza tangu miaka ya 1940. Muuzaji alianza na laki tano, tukaishia laki tatu na nusu. Alikuwa ameipiga rangi mpya nyeusi inayong'aa, akawa anaisifia: "Aluminiamu hii kaka, nyepesi, haishiki kutu." Nikatoa kisumaku mfukoni, kikang'ang'ania fremu. Akacheka, nami nikacheka, bei ikashuka. Kwa kweli chuma ndicho nilichokuwa natafuta. Fremu ya chuma ikipata ufa fundi wa kuchomelea anaweza kuiokoa; ya aluminiamu wachache wanaithubutu, na ya kaboni usimpelekee mtu yeyote mwenye moto.

Rangi mpya kwenye baiskeli ya mtumba iangalie kwa jicho baya. Pitisha kidole chini ya maungio, hasa pale bomba la chini linapokutana na la usukani. Ukihisi kamkunjo, au rangi imevimba, rudisha kidole na uondoke.

Kitu cha pili cha kuangalia ni mdomo wa fremu, pale ekseli ya nyuma inapokaa. Fremu za resi za zamani nyingi mdomo wake umelala, kwa hiyo gurudumu unaweza kulivuta nyuma au kulisogeza mbele. Za siku hizi umesimama wima, gurudumu lina mahali pamoja tu. Fiksi haina kibadili gia cha kukaza cheni, hivyo cheni inakazwa kwa kuvuta gurudumu lenyewe. Ukinunua fremu yenye mdomo wima ukitarajia kuifanya fiksi, umenunua usumbufu.

Sasa magurudumu, na hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Baiskeli yangu ilikuja na rimu za inchi 27, ambazo tairi zake nimezunguka Kariakoo nzima bila kupata za maana. Vijana wa dukani walinipa za 28 wakisema zitaingia kwa sababu "tofauti ni inchi moja tu". Hazikai, wala haziwezi kukaa sawasawa. Namba hizi za inchi ni za kimapokeo na zinadanganya. Cha kusoma ni ile namba ya milimita iliyochongwa ubavuni mwa tairi. Ile 28 ya Phoenix ni 635. Ile 27 ya resi za zamani ni 630. Resi za kisasa, zinazoandikwa 700C, ni 622. Na jambo linaloshangaza wengi: baiskeli za milimani za "29" nazo ni 622, rimu kipenyo kilekile kabisa, unene wa tairi ndio unaoleta tofauti. Kwa hiyo ukiona 28-622 maana yake tairi lina upana wa milimita 28 na linakaa kwenye rimu ya 622. Andika namba ya rimu yako kwenye simu kabla hujapanda daladala kwenda kununua.

Nilihamia 622. Pea ya magurudumu yenye habu (kitovu cha gurudumu) ya fiksi niliagizia China kupitia wale mawakala wa mizigo wa Kariakoo, ikanigharimu laki mbili na ushee pamoja na usafiri. Kuhama kutoka 630 kwenda 622 kunashusha ukingo wa rimu kwa milimita 4 upande wa breki, hivyo mipira ya breki lazima ifike chini zaidi. Breki za zamani zina mikono mirefu, zikafika bila shida. Breki fupi za resi za kisasa zisingefika.

Habu ya fiksi ina sehemu mbili za kufunga: gia inakazwa kwa kulia kama kawaida, halafu juu yake kuna nati nyembamba inayokazwa kwa kushoto. Nati hiyo ndiyo inayoizuia gia isifunguke unapozuia pedali. Wapo mafundi wanaofunga gia ya fiksi kwenye habu ya kawaida ya friwili, kwa kuwa nyuzi zinakubali, kisha wanamkabidhi mwenyewe. Siku utakapokanyaga kinyumenyume kwa nguvu gia itafunguka na hutakuwa na namna ya kusimama. Kama fundi wako hajui hiyo nati ya kushoto ni ya nini, mwelekeze kabla hajashika spana.

Mimi kazi hiyo nilimpelekea mzee mmoja Sinza ambaye maisha yake yote ni Phoenix na Avon. Alinisikiliza, akaizungusha pedali kwa mkono, akaitazama.

"Sasa hii ukichoka kukanyaga inakuwaje?"

"Haichoki, mzee. Inaendelea tu."

"Basi hii ni punda," akasema, akaifunga vizuri kuliko nilivyotegemea. Habu za fiksi zina upana wa milimita 120, na fremu kama yangu ni 126. Akajazia nafasi kwa washa (vile vibati vya duara vyenye tundu), tatu za milimita moja kila upande, akaangalia kwa jicho moja mpaka cheni ikanyooka mstari mmoja na gia ya mbele. Kilichomsumbua ni krenki, ile mikono inayoshika pedali. Amezoea kuzing'oa kwa kugonga pini, hizi za Japani zinakaa kwenye ekseli ya pembe nne na zinahitaji puli yake, kile kifaa cha kuzivutia nje. Bei yake ni ndogo. Inunue yako, uende nayo kwa fundi.

Kuhusu cheni, ndipo utamu ulipo. Cheni ya Phoenix ni ile pana ya gia moja, na inakaa kwenye fiksi bila maneno. Hata gia ya mbele ikiwa nyembamba, cheni pana inakubali; kinyume chake ndicho hakiwezekani. Kibanda chochote cha baiskeli, iwe Manzese au Mbagala, wanayo. Jirani yangu mwenye resi ya gia 11 nyuma, cheni ikikatika anasubiri mzigo.

Gia: mbele nimebakiza ile ndogo iliyokuja nayo, meno 42, nyuma nimeweka 17. Mzunguko mmoja wa pedali unanipeleka kama mita 5.3, kwa hiyo nikikanyaga mara 80 kwa dakika nakwenda kilomita 25 kwa saa na jasho halijawa la aibu. Vijana wengi wanapenda 48 kwa 16 kwa sababu inakwenda kasi. Inakwenda, ila ukiwa unaondoka kwenye mataa ya Magomeni ukiwa na keria na mkoba, magoti yataongea. Kuna na hili: 48 gawanya kwa 16 ni 3 kamili, maana yake ukifunga gurudumu la nyuma ili liserereke, tairi linasagika sehemu ileile moja kila mara. Kwa 42 na 17 hazigawanyiki, usagaji unatawanyika sehemu 17. Tairi linadumu.

Njia yangu ya kila siku ni Sinza, Shekilango, kisha Morogoro Road hadi Posta. Njia ya baiskeli ya pembeni ya mwendokasi ipo, na kwenye karatasi ni nzuri. Kwa vitendo unagawana na bodaboda, wauza miwa, na gari lililoegeshwa na mtu aliyeingia dukani "dakika moja". Hapa fiksi imenishangaza kwa uzuri. Kwenye msongamano unatambaa polepole, unarekebisha mwendo kwa nyayo bila kugusa breki, na mwili unajua gurudumu linashika au linateleza, hasa kwenye mchanga. Matuta ndiyo kero: huwezi kusimamisha pedali zikiwa sawa ukainuka kidogo kama wenye friwili, lazima ulipite unakanyaga.

Tairi za milimita 28 zinatosha. Nilijaribu 23 za rafiki na sina hamu nazo tena. Mchanga unazimeza, na kingo za lami zinapasua tyubu. Kama fremu yako inaruhusu 32, weka 32. Tyubu za resi zina valvu nyembamba isiyoingia kwenye pampu ya sheli, kwa hiyo nunua kale kakofia ka shaba ka kubadilishia, ukae nako kwenye funguo. Ni senti, na kamenitoa kwenye kutembea kwa miguu.

Breki ya mbele ndiyo sehemu ambayo usibane hela. Nilibadilisha mipira na waya mapema. Angalia kichwa cha waya: wa resi kina umbo la peasi, wa baiskeli za milimani kina umbo la kipipa, na madukani huwa wamechanganywa kwenye boksi moja.

Kwa haki lazima niseme inapofeli. Inafeli Kimara. Kupanda kwa 42 na 17 unainuka kwenye siti na kusukuma, sawa, utafika. Kushuka kuelekea Ubungo ndiyo balaa: ukifika kilomita 40 kwa saa miguu inazunguka zaidi ya mara 120 kwa dakika, unaruka ruka kwenye siti, na anayekutazama anadhani umeshikwa na umeme. Mkazi wa Kimara, Goba au Mbezi asinunue fiksi kwa maneno yangu.

Huyo achukue resi ya gia. Niliazima ya rafiki, fremu ya aluminiamu yenye mfumo wa gia wa Shimano uitwao Claris, gia 8 nyuma na 2 mbele, tukaenda nayo Bagamoyo. Kwa safari ndefu na upepo wa baharini usoni, hakuna mjadala, inaishinda yangu mbali. Gia zinabadilishwa palepale kwenye mkono wa breki, huachii usukani. Na Claris naipendekeza kuliko ngazi za juu kwa mazingira yetu, kwa sababu cheni za gia 8 ni nene, zinavumilia uchafu, na ni rahisi kupatikana. Udhaifu wa resi za aina hiyo ni kile kisikio kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kibadili gia. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia, au konda akiitupia juu ya basi, kinapinda na gia zinaanza kuruka. Kila fremu ina umbo lake la kisikio. Ukinunua baiskeli, ulizia viwili vya akiba hapohapo, baadaye hutavipata.

Kwangu mimi wa Sinza, fiksi inabaki. Nimeshaweka mikanda kwenye pedali, bila hiyo miguu inachomoka ukizuia. Usukani nitaubadilisha nikijisikia, siyo lazima. Kinachonisumbua sasa ni madigadi, maana masika yakija maji ya Jangwani siyo ya kupigwa nayo mgongoni. Fremu ina matundu ya kufungia, nafasi ipo ya milimita 35. Mwenye kujua duka lenye madigadi ya chuma ya resi, siyo yale mapana ya Phoenix, anitajie na bei.