Nimeipima seti ya maboksi ya zawadi kwenye mzani wa keki

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu huuliza: seti ya kujitengenezea maboksi na vikapu vya zawadi ni shilingi 18,000, kwenye duka moja la vifaa vya sherehe hapa Moshi mjini, upande wa sokoni. Kwa pesa hiyo unapata karatasi ngumu 24 za A4 zenye maua upande mmoja, patani sita za kadibodi za kuchorea (mbili za maboksi ya kifuniko, moja ya boksi bapa lililonona katikati, tatu za vikapu), mishikio iliyokatwa tayari, roli ya riboni, fungu la karatasi za kijani zilizochanwa kama majani, na kichupa cha gundi kisichozidi kidole gumba. Jina lililochapwa juu ya pakiti halisaidii kitu. Pakiti ileile niliikuta duka la pili ikiwa na jina jingine.

Mimi ni fundi cherehani, niko Majengo. Karatasi si kazi yangu, ila mke wangu anaoka keki, na msimu wa kipaimara na sendofu ukifika wateja wanataka keki ndogo za kuwapa wasimamizi na wanakamati, kila moja ndani ya boksi lake, riboni juu. Maboksi ya kununua yaliyo tayari yanakula faida yote. Ndiyo maana seti hii ikaingia nyumbani.

Maoni yangu kwa ufupi: patani ni nzuri sana, karatasi si nzuri. Sasa nieleze kwa nini, maana dukani utaambiwa kinyume chake.

Pakiti imeandikwa gramu 250. Namba hiyo ni uzito wa karatasi yenye eneo la mita moja ya mraba. Kuna njia ya kuihakiki ambayo haihitaji utaalamu wowote: A0 ni mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu moja ya kumi na sita ya A0. Kwa hiyo chukua karatasi 16 za A4, ziweke zote kwenye mzani wa jikoni, na namba utakayoisoma ndiyo gramu za karatasi hiyo. Hakuna kugawanya wala kuzidisha. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80, ndiyo maana rimu ya karatasi 500 ina kilo mbili na nusu. Mzani wa mke wangu, ule anaopimia unga na siagi, ulisema 190. Nikazibadilisha zile kumi na sita, nikaweka nane zilizobaki pamoja na nyingine nane. Palepale.

Gramu 190 si takataka. Kwa boksi la pete, la hereni, la pipi za watoto, inatosha kabisa. Ila ukitengeneza boksi la kitako cha sentimita 11, ukatia keki ndani, kuta zinatoka tumbo. Mteja akilishika kwa juu, vidole vinaingia ndani. Halafu mtu amelipia 250.

Jambo la pili linaniuma zaidi kwa sababu ni la ufundi. Karatasi ina mlalo kama kitambaa. Kiwandani nyuzi zake hulala kufuata mwendo wa mashine, kwa hiyo ukiikunja sambamba na nyuzi inakunjika safi, na ukiikunja kwa kuzikatiza inagoma na kupasuka ngozi ya juu. Kuujua mlalo ni rahisi: pinda karatasi taratibu bila kuiminya, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda bila ubishi ndio unaofuata mlalo. Karatasi za seti hii mlalo wake ni wa urefu. Lakini patani ya boksi kubwa imechorwa hivi kwamba mikunjo yake mirefu inakata mlalo, na huwezi kuigeuza kwa sababu ikigeuka haitoshi kwenye A4. Matokeo yake unaona mstari mweupe kwenye kila kona, pale maua yalipopasuka. Aliyechora patani na aliyechapa karatasi hawakuwahi kukaa meza moja.

Mstari mweupe unapungua ukipiga alama kabla ya kukunja. Maelezo ya pakiti yanataka kifaa maalumu. Huna haja nacho. Kalamu ya Bic iliyoisha wino na rula ya chuma vinafanya kazi hiyo vizuri: unabonyeza mstari, hukati, kisha unakunja. Rula ya plastiki iache shuleni, wakati wa kukata kisu kitaila.

Kwenye vikapu ndipo nilipocheka. Vina sura nzuri, hasa kile ambacho kuta zake ni petali nne zinazopandana, na mtoto wa darasa la tano anaweza kukiunganisha bila msaada. Tatizo ni mshikio. Umekatwa sentimita 30 na unabandikwa kwa ncha tu, kipande kidogo kwa ndani ya ukuta. Nilitia chupa ya maji ya nusu lita nikainua. Mshikio ulibaki mkononi, kapu likabaki mezani. Nusu lita ya maji ni nusu kilo, na zawadi za huku kwetu ndizo hizo: pakiti ya kahawa, chupa ya asali, sabuni mbili na kitambaa. Kapu lisilobeba hivyo ni pambo la kabati.

Dawa yake ni kuacha kuitegemea gundi. Kata mkanda mmoja mrefu unaopita chini ya kitako, unapanda kuta mbili, na kupita juu kama upinde wa mshikio. Kwa kapu la kitako cha sentimita 11 na kimo cha 8, hesabu ni hii: 11 za kitako, 8 mara mbili za kuta, 33 za upinde wa mshikio, na 3 za kupandanisha. Jumla 63. Kiungo kikae chini ya kitako, si juu. Hapo mzigo unakaa juu ya mkanda wenyewe, na gundi inabaki na kazi ya kuuzuia usiteleze tu. Mkanda wa sentimita 63 hautoki kwenye A4 hata ufanyeje. Unatoka kwenye manila.

Na tukifika kwenye manila, seti inaanza kuwa ghali. Manila kubwa, ile ya sentimita 59 na ushee kwa 84, nilinunua shilingi 1,000 steshenari. Muuzaji aliniacha niipinde nijue mlalo, jambo ambalo kwenye duka la vifaa vya sherehe lilikataliwa kwa sababu pakiti imebandikwa. Nyumbani nikaikata kipande na kuipima kwa mtindo uleule: 205. Manila ya kawaida, isiyo na ua wala majigambo, ni nzito kuliko ile ya 250.

Sasa laza patani juu ya manila kama fundi anavyolaza patani za nguo juu ya kitambaa. Boksi la kitako 11 na kimo 5 linahitaji mraba wa 21. Kwenye manila moja inaingia miraba miwili kwa upana na minne kwa urefu, yaani vitako vinane, na pembeni kinabaki kipande cha sentimita 17 na nukta nne. Kifuniko chenye kitako cha 11.3 na kimo cha 3 kinataka mraba wa 17.3. Kwa hiyo hata hicho kipande cha pembeni kinatoa vifuniko vinne. Manila ya vifuniko vitupu inatoa kumi na mbili. Manila tatu, shilingi 3,000, ni maboksi 16 kamili na vifuniko vinne vya akiba. Boksi moja halifiki 200 kabla ya gundi na riboni. Seti ya 18,000 inatoa maboksi 12 ya kipimo hicho, kwa kuwa A4 moja ni kitako au kifuniko, haiwi vyote viwili. Hiyo ni 1,500 kwa boksi. Riboni imo, sawa, lakini riboni gani hiyo ya bei hiyo.

Utaniambia manila haina maua. Kweli. Mimi nina magunia ya vipande vya vitenge chini ya cherehani, vile ambavyo mteja haviulizi, na kifuniko kilichovikwa kitenge kinashinda maua ya kuchapwa mbali sana. Gundi nyeupe ya maseremala ipake kwenye manila, isiwe kwenye kitambaa, na uitandaze nyembamba kwa kipande cha kadi, la sivyo inatokeza madoa upande wa pili. Kona zikate mshazari. Kumbuka kwamba kitenge kinaongeza unene ndani na nje, kwa hiyo kitako cha kifuniko nakifanya 11.5 na kimo nakishusha hadi 2.9, mraba ubaki 17.3 uleule. Asiye fundi cherehani anaweza kutumia karatasi ya kufungia zawadi, au kaki, ambayo ikifungwa kamba ya katani inapendeza kuliko watu wanavyoidhania.

Gundi ya seti iliisha kabla hata boksi la pili halijakauka. Sina la zaidi. Ile gundi ya moto, ya vijiti vinavyoyeyushwa na kibastola cha umeme, ni ya haraka na mke wangu anaipenda, ila inaacha vinundu, na kapu likiachwa ndani ya gari lililofungwa vioo kwenye jua inalegea. Ya maseremala inachelewa kushika, ila ukibana kwa vibanio vya nguo unaendelea na boksi jingine. Inakuwa na maji, kwa hiyo ukiimwaga nyingi karatasi inajikunja. Na kwa keki, tandika karatasi ya kuokea chini. Mafuta yakigusa manila yanaonekana hadi nje.

Zile karatasi za kijani za kutandikia nimezigawa. Ni ndefu, zimechongoka, na ukizisimamisha pembeni mwa kapu zinafanana na masale. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kibosho, akaliona kapu mezani, akaniangalia, akasema, "Mkwe, umemkosea nani?" Kwa Wachaga isale ni jani la kuombea msamaha na la mipaka. Mtu haendi nalo kwenye sendofu bila sababu. Tukachana magazeti ya zamani na kuyatandika, kisha kitambaa cha tuli juu yake.

Patani, hata hivyo, nazisifu bila kinyongo. Kadibodi yake ni ngumu, kingo zimekatwa kwa mashine, pembe ni pembe kweli (nilizipima kwa skwea yangu), na matundu ya kuweka alama za mikunjo yapo mahali pake. Mtu ambaye hajawahi kuchora boksi atajifunza mengi kwa kuzipindua tu mkononi. Katika karatasi ya maelezo pia kuna mchoro mmoja ambao ungestahili kuuzwa peke yake: boksi la Kijapani linaloitwa masu, lilichukua umbo la vipimo vyao vya mchele. Linakunjwa kwa karatasi ya mraba bila gundi wala mkasi. Mraba wa 21 unakupa boksi la upana wa sentimita 7.4 na kimo cha 3.7, na mraba uliopungua nusu sentimita hivi unakupa chombo cha chini cha kuingia ndani ya hicho cha kwanza. Hapo zile karatasi za maua za gramu 190 nazo zinasumbua, maana ni nene mno kwa mikunjo mingi. Karatasi ya zawadi ya kawaida inafaa zaidi. Watoto wangu wanakunja masu wakiangalia katuni.

Onyo moja kuhusu msimu. Seti au manila, ukinunua masika, kati ya Machi na Mei, karatasi inavuta unyevu na boksi la jioni asubuhi unalikuta limelegea mabega. Hifadhi karatasi zikiwa bapa, uzito juu yake, na iliyojikunja ipige pasi ya moto mdogo kwa upande usio na rangi, bila mvuke. Maboksi yaunganishe karibu na siku ya shughuli. Yakiwa bapa hayachukui nafasi, na kamati ikiahirisha harusi, kama zinavyofanya, hujapoteza kitu.

Kuna wanaosuka vikapu kwa mirija ya magazeti, karatasi ikizungushwa mshazari kwenye spoku ya baiskeli. Ni vigumu kuliko vyote nilivyovitaja na vinabeba kweli. Anayetaka kujaribu ahakikishe mirija ya kusimama ni ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, ndipo mrija mmoja wa kusukia utazunguka juu-chini bila kurudia njia yake. Kazi yake ni ndefu, na bei ambayo mteja wa Moshi yuko tayari kulipa hailingani nayo. Kimoja tulichonacho tunawekea vitunguu.

Kwa hiyo seti ya 18,000 inamfaa nani? Mtu mwenye shughuli moja, maboksi kumi au kumi na mawili, zawadi nyepesi, asiye na muda wa kuzunguka madukani. Anayefanya biashara atoe patani, karatasi azigawie watoto, aende steshenari. Muuzaji nilimwambia haya haya nikiwa nimeegemea kaunta yake, akasema patani haziuzwi peke yake. Siku atakapoziuza, hata kwa 5,000, nitachukua nyingine kwa ajili ya shemeji yangu wa Himo, ambaye ameshaniazima hizi na hana dalili ya kuzirudisha.